Ziwa Tulilopewa: Siku ya Oktoba Majini Busega

Kabla ya mwaka 2012, mkoa wa mtu wa Bariadi haukugusa ziwa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, mkoa wa almasi, ng'ombe na pamba, na kila jambo kubwa la kiserikali lilitupeleka kusini. Ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, na Busega ikakatwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Busega ndiyo iliyokuja na maji. Kwa mstari mmoja uliochorwa kwenye ramani, watu ambao babu zao walihesabu utajiri kwa mifugo na mvua kwa vidole wakawa na mwambao wao kwenye Ziwa Victoria.

Sensa ya 2022 ilikuta mkoani hapa watu zaidi ya milioni 2.1. Ninao majirani mjini Bariadi, watu wazima wenye wajukuu, ambao hawajawahi kukanyaga mchanga wa ziwa hilo. Wanalijua kwa mdomo: dagaa wa sado sokoni, sato wa kukaanga kando ya stendi. Wengine sasa wanalingoja bombani, maana mradi mkubwa wa maji uliopata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW, umekusudia kuyavuta maji kutoka Busega na kuyafikisha wilaya zote tano. Ziwa la kula na ziwa la kunywa tunalo. La kwenda kulitazama, kukaa juu yake nusu siku bila shughuli yoyote, bado hatujalichukua, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Safari yenyewe ilizaliwa msibani. Sisi ni kundi la watu tuliosoma sekondari pamoja katika miaka ya themanini, na kama makundi mengi ya umri wetu, tuna ukurasa wa simu ambao kazi yake ni michango. Fulani kafiwa na mama mkwe, fulani anaozesha, fulani kalazwa hospitali ya Bugando. Tunachanga, tunakutana chini ya turubai, tunakula wali, tunaagana. Mwaka huu, tukiwa tumeketi kwenye viti vya kukodi huko Itilima baada ya kumzika mwenzetu, mwalimu mstaafu mmoja akauliza swali lililotunyamazisha wote: mara ya mwisho kukutana bila jeneza wala keki ilikuwa lini? Hakuna aliyejibu. Wiki ile ile mhasibu wa kundi akafungua mchango mpya, akauandikia neno moja tu: Ziwa.

Tulichagua Oktoba kwa sababu za kikulima. Pamba inakuwa imeshauzwa kwenye vyama vya msingi, maotea yameng'olewa na kuchomwa ili funza wasipate pa kujificha, na kupanda kwenyewe hakuanzi mpaka katikati ya Novemba. Katikati hapo mkulima wa Simiyu anatazama mawingu tu. Vuli inakuwa inajitangaza kwa ngurumo za mbali jioni, lakini ardhi bado ni ya kiangazi: mashamba meupe, vumbi linaloinuka na kuzunguka kama mcheza mbina aliyepandwa na ngoma, ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika wakifuata lambo lililobaki.

Barabara ya lami kutoka Bariadi hadi Lamadi ina urefu wa takribani kilomita 72. Wanaokumbuka barabara ile ya zamani, ya changarawe na magari kukwama, huipita hii ya sasa kwa shukrani. Tuliondoka alfajiri kwa gari dogo la abiria tulilolikodi, tukapita Nyakabindi, kwenye viwanja ambako maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yaliwahi kufanyika, tukaivuka Dutwa jua likichomoza. Madaraja yalitupitisha juu ya mito isiyo na maji. Chini yake ulikuwa mchanga mtupu, na kwenye mchanga huo wanawake na watoto wamechimba mashimo, wanasubiri maji yajikusanye, wanayachota kwa kata. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, hukauka namna hiyo hiyo karibu kila kiangazi. Mvua zikija, mto huo huo hufurika na kubeba udongo wa mashamba yetu mpaka ziwani. Wataalamu wanasema karibu asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inayoliangukia lenyewe. Mito huongeza kidogo. Tunachokipeleka kwa wingi kutoka huku juu ni tope.

Tulikokuwa tunakwenda, Nyamikoma wilayani Busega, ni mwalo wa kazi. Usitarajie viti vya pwani na miavuli. Saa mbili asubuhi boti za usiku zilikuwa zimeshatia nanga, wachuuzi wamezizunguka, mizani inaning'inia, barafu inapasuliwa kwa mchi. Harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaona ziwa. Tulisalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” tukaitikiwa, mama mmoja akauliza “Mhola?” na mwalimu akamjibu “Mhola duhu, mayu,” na kuanzia hapo hatukuwa wageni tena. Nahodha tuliyeelekezwa alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini hivi. Alitutazama mmoja mmoja, vipara na miwani yetu, akamgeukia mwenzake akamwambia alete maboya yote, hata yale ya akiba.

“Wazee wangu, shikamooni,” alisema. “Nani kati yenu anajua kuogelea?”

Aliyejua alikuwa mmoja tu, muuguzi wetu, aliyelelewa Magu. Sisi wengine ni watu wa malambo.

Boti ilikuwa ya mbao, yenye mashine moja nyuma, iliyopakwa rangi ya bluu na nyeupe. Kabla ya kupanda, rafiki yetu mkulima wa pamba aliinama kwenye ubavu wake, akapitisha kidole kati ya ubao na ubao, akaita, “Jamani, njooni muone.” Katikati ya mbao hizo kulikuwa na uzi mnene, mweupe pale rangi ilipobanduka, uliosokotwa na kukandamizwa kwa patasi mpaka ukajaa ufa wote. Ilikuwa pamba. Nahodha akatueleza jinsi fundi anavyoisokota, anavyoichovya kwenye mafuta, anavyoigongomelea pole pole ili isikatike, na jinsi maji yanavyoifanya ivimbe na kuziba zaidi boti ikishashuka ziwani. Bila hiyo, alisema, boti ni chekecheo. Mkulima wetu alikaa pale muda mrefu. Ameiuza pamba maisha yake yote. Ameiona ikipimwa, ikilaliwa, ikikopwa, ikipakiwa kwenye malori kwenda kuchambuliwa. Hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilimwona akiupapasa ule ubao kwa kiganja kizima, na kwangu mimi hapo peke yake palitosha kuilipa safari nzima.

Tulivaa maboya wote, tukafungwa kamba vizuri. Sikusikia hata mmoja akilalamika kuhusu joto. Watu wa umri wetu wanaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Wanaikumbuka pia Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa wakiwa wanaona nchi kavu. Nahodha naye alisema alikuwa na ndugu katika kivuko kile. Hakuendelea, nasi hatukumuuliza. Kabla hatujatoka mwaloni alihesabu vichwa, akaandika namba ya simu ya mtu wa nchi kavu kwenye daftari la kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, akasema tutarudi kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo upepo unageuka na kutoka magharibi, unaivuka ghuba yote na kuyasukuma mawimbi hadi huku mwisho.

Ukishatoka mita mia chache, nchi yako inabadilika. Hili sikulitarajia. Tumezoea kuiona Simiyu kutoka ndani, tukiwa katikati ya vumbi lake. Kutoka majini unaiona yote kwa mara moja: vilima vya mawe upande wa kusini, miamba mikubwa iliyopangana hivi kwamba huelewi ni nani aliyeisimamisha, milima ya Bunda kaskazini ikiwa na ukungu wa asubuhi, na mashariki tambarare iliyonyooka inayokwenda kuwa Serengeti. Magharibi hakuna kitu. Maji tu, kuelekea kisiwa cha Ukerewe. Mwalimu wetu wa jiografia wa zamani angefurahi: ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, na Tanzania ina karibu nusu yake, lakini halina kina kirefu, sehemu yake ya chini kabisa haizidi sana mita 80.

Ghuba tuliyokuwa ndani yake inaitwa Ghuba ya Speke. Shuleni tulikariri kwamba John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, na tukapata alama. Hatukuambiwa kwamba Speke hakuvuka maji haya, alilitazama akiwa nchi kavu karibu na Mwanza. Aliyepita hapa kwa boti ni Henry Morton Stanley. Machi 1875 aliondoka Kageye, katika Magu ya leo, kwa boti iliyoitwa Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa vipande na kubebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Wapiga makasia wake walikuwa watu wa Unguja na pwani. Alielekea mashariki, akaupita mdomo wa Mto Simiyu, na aliamini kwamba huo ndio chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Alilizunguka ziwa lote, akarejea Mei. Mwalimu mstaafu alitusimulia haya kwa sauti ya darasani, mkono mmoja ukishika ukingo wa boti. Alipofika pale pa wapagazi alisimama. “Boti nzima,” alisema, “begani, kutoka Bagamoyo.” Tukanyamaza kidogo, kila mtu akiutazama ubao alioukalia.

Ndege ni wengi kuliko nilivyofikiri. Mnandi walikuwa wamesimama juu ya mawe, mabawa wameyafungua yakauke. Yangeyange walifuata mitumbwi midogo ya kasia. Furukombe alikaa juu ya mti mkavu ulio ndani ya maji, akapiga ukelele wake mara moja, akatuacha tupite. Mti ule ulikuwa nchi kavu zamani. Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda mpaka yakaivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mialo mingi ikapoteza mchanga, vibanda na miti. Nahodha alituonyesha mahali ambapo alikuwa akicheza mpira utotoni. Tulikuwa juu yake.

Tukafika mahali alipozima mashine ili tupumzike. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Muuguzi akafungua kikapu: michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga, chai ya maziwa kwenye chupa, matobolwa kwa wenye meno ya kutosha. Hapo mazungumzo yakaanza kwa kweli. Chini ya turubai la msiba huwezi kumwambia mtu kwamba sukari yako imepanda na hujamweleza mkeo. Kuna mchungaji anasubiri kipaza sauti. Harusini muziki haukuruhusu. Ndani ya boti, hakuna pa kwenda na hakuna anayekuita. Mmoja wetu, mtu wa utani mwingi tangu kidato cha kwanza, alisema miguu yake ina ganzi tangu Februari. Muuguzi akamvua kiatu pale pale, akamminya vidole kimoja kimoja, akamuuliza maswali mafupi, akamwambia Jumatatu saa mbili awe mlangoni kwake. Alikwenda. Najua kwa sababu nilimpigia simu Jumatatu hiyo nikamkuta kwenye foleni ya maabara.

Nahodha alikula michembe pamoja nasi, naye akatufundisha ya kwake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, dagaa wanaifuata nuru, wavu unapita chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa nuru ya taa haina nguvu, kwa hiyo boti hupumzika siku kadhaa kila mwezi, na siku hizo ndizo za kutengeneza nyavu, kwenda kuoa na kuzika. Aliyalalamikia makokoro na nyavu za timba zinazozoa hata samaki wachanga. Alisema sangara wamepungua ukubwa, na kwamba bondo la sangara mmoja mkubwa, lile puto la ndani linalouzwa mpaka China, linaweza kuwa na bei kubwa kuliko minofu yake.

Sangara si mwenyeji. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, kwa kiasi ambacho dunia ya sayansi bado inakiomboleza. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, waliotokea kwa kasi ya ajabu, maana utafiti wa matope ya sakafuni unaonyesha kwamba ziwa lilikauka kabisa miaka 15,000 hivi iliyopita kabla ya kujaa upya. Inakadiriwa aina zipatazo 200 zimetoweka. Mimi nilikula furu nikiwa mtoto, wakavu, waliotungwa kwenye kijiti, wanaletwa Bariadi na wachuuzi wa baiskeli. Sikujua kwamba kijiti kimoja kingeweza kuwa na samaki wa aina tano tofauti. Viwanda vya minofu vilivyofuata vimelisha familia nyingi za Kanda ya Ziwa na kuingiza fedha za kigeni, nami siwezi kuzibeza. Lakini nilitazama yale maji yaliyotulia nikajua kwamba chini yake kuna ukimya ambao haukuwepo nilipozaliwa.

Tuliporudi mwaloni wawili wetu walianza kukunja suruali wateremke kwenye maji ya magoti. Muuguzi aliwazuia kwa sauti ya wodini. Kichocho kinaishi pale hasa, kwenye maji tulivu ya kando yenye majani na konokono. Katikati ya ziwa si tatizo kubwa. Mbao zikawekwa, tukateremka wakavu.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walitukaribisha kivulini. Wengine wanaanika juu ya mchanga, wengine juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa. Mama mmoja alichukua konzi mbili, ya mchangani na ya kichanjani, akazisugua mbele ya macho yetu. Ya kwanza ilitoa vumbi na kokoto ndogo, ya pili ilitoa magamba tu. Bei zake sokoni si sawa, alisema, ila mbao na nyavu za kujengea vichanja zinataka mtaji. Tulinunua za kichanjani kwa sado, kila mtu zake. Chakula cha mchana kilikuwa sato wa kuchoma, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na mboga ya nsansa yenye karanga, kwenye meza ndefu chini ya mti. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Lamadi tulipita alasiri. Mji ule upo njia panda ya barabara ya Mwanza na Musoma, na kilomita chache kaskazini ndiko liliko lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watalii hupita Lamadi kila siku kwa magari yaliyofungwa vioo, wakiwahi lango. Hatukuwa na muda wa kuingia hifadhini, tukatosheka na kusimama kando ya barabara kuwatazama nyani na pundamilia upande wa pili. Pori la Akiba la Kijereshi nalo lipo hapo hapo Busega. Mkulima wetu hakuvutiwa sana; tembo wakitoka huko wanakula mashamba, na vijiji vya ukanda huu vinajua usiku wa kupiga madebe. Hilo ni suala zito linalostahili makala yake. Tulilizungumza garini mpaka Dutwa bila kukubaliana.

Ninachokiomba kwa Busega na kwa mkoa ni kidogo na kinawezekana. Mwalo uwe na ngazi moja ya zege ya kupandia boti, ili mzee asibebwe mgongoni. Pawe na choo safi, na ubao wenye bei ya kukodi boti kwa saa, uandikwe idadi ya abiria wanaoruhusiwa na kwamba boya ni lazima. Wavuvi ambao boti zao zimelala wakati wa mbalamwezi wapate kipato cha halali kwa kuwazungusha wanafunzi wa Maswa na Meatu, ambao wanajifunza Ziwa Victoria kwa ramani ya ukutani wakati lenyewe lipo ndani ya mkoa wao. Walimu wapange safari hiyo kabla ya kufikiria Dar es Salaam. Atakayekwenda aende asubuhi, achague boti yenye maboya ya kutosha watu wote, avae kofia, na asijaribu kumlazimisha nahodha anayesema upepo umegeuka.

Mhasibu wa kundi letu hakuufunga ule mchango. Amebadilisha neno moja tu, sasa linasomeka Ukerewe, na tarehe imewekwa wakati pamba itakapokuwa imeuzwa tena.